Fahali wa Nyar Rangwe na Kibano Nilichokitupa

Akinyi nyathina, mwanangu,

Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango na kutozoeana na kila mtu ameshakueleza shangazi yako tangu Jumapili, na ukisahau atakupigia simu akueleze tena. Mimi nataka kukuandikia kuhusu plagi ya pasi.

Najua umenikasirikia. Jana wageni waliokuja kukuaga walikuwa wamejaa sebuleni, chai bado ya moto, nami nikasimama katikati yao na plagi mkononi nikifoka mpaka mchungaji akaweka kikombe chini. Ile plagi uliifunga vizuri kwa macho ya mtu asiyejua kazi. Pasi iliwaka. Lakini nilipovuta waya kidogo tu, kama ninavyovuta kila waya unaopita mikononi mwangu, ukaanza kunifuata. Nikafungua. Kibano hakimo. Kile kipande kidogo chenye skurubu mbili, kinachoukaba waya pale unapoingilia, ulikuwa umekiacha juu ya meza karibu na sahani ya mandazi. Nikakuuliza kwa nini. Ukanijibu huku ukicheka, "Mathe, si imewaka? Hiyo kitu ni ndogo sana. Nani ataifungua aone?"

Nani ataifungua aone! Wewe uliyekaa chuo cha ufundi miaka miwili, wewe ambaye kesho unapanda gari kwenda Nakuru kufunga stima kwenye majengo ambayo watu watalala na watoto wao ndani. Damu ilinipanda kichwani. Lakini kelele zile hazikuwa zako zote. Nyingi zilikuwa zangu mwenyewe, nimezibeba tangu ukiwa darasa la nne, na leo nazitua hapa. Umeenda kwa nyanya yako kuchukua baraka, nyumba imetulia, nami nimekaa kwenye benchi la kazi kabla jua halijatua. Usiisome barua hii mbele ya watu.

Sijui unakumbuka nini kuhusu matanga ya Mwalimu Opiyo, kule kati ya Rodi Kopany na Rangwe. Nilikubeba kwa sababu hakukuwa na mtu wa kukuachia. Ulivaa gauni la kanisani na viatu vilivyokubana. Mimi nilikuwa nimeitwa kufunga stima: taa za hema, spika za mahubiri, soketi ya kuchajia simu za waombolezaji. Ilikuwa mara ya kwanza kwa boma kubwa namna ile kumwita mwanamke, na hawakuniita kwa kunipenda. Fundi waliyemzoea alikuwa mgonjwa. Shemeji wa marehemu, yule mzee mrefu waliyemwita Jaduong' Okoth, alinitazama kutoka kichwa mpaka miguu akaniambia, "Mama, stima si sufuria. Ukiunguza nyumba ya marehemu tutakuzika naye." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Akinyi. Hicho kicheko bado kinaniuma kuliko maneno yake.

Basi nikafanya kazi kwa hasira na kwa haraka, nikitaka spika ziseme kabla hajamaliza kunidharau. Nilitoa stima ndani ya nyumba, nikapitisha waya mnene dirishani, nikaulaza chini mpaka kwenye hema, na kwenye nguzo ya chuma ya hema nikafunga boksi la chuma lenye soketi nne. Boksi lilikuwa na kibano chake kwenye tundu la kuingizia waya. Lakini waya ule ulikuwa mnene, kibano hakikutaka kufunga. Nilihitaji kibano kikubwa zaidi, na kukipata ni mpaka Homa Bay mjini. Unajua nilichofanya? Nilikitoa nikakitupa kwenye majani. Nikachuna ganda la nje la waya mpaka nyuma ya tundu, nikaingiza zile nyaya tatu tu, halafu nikazungusha tepu nyeusi mara nyingi, nikaibonyeza kwa kidole gumba ikakaa nadhifu. Tepu haishiki kitu, nyathina. Tepu inaficha tu.

Na waya wa kijani na manjano, ule wa ardhi, unaofanya swichi ijizime stima ikigusa chuma, nilikuwa nimeukata mfupi kuliko wenzake. Huo ndio unapaswa kuachwa mrefu kuliko wote, ulegee ndani ya boksi, ili siku waya ukivutwa, huo uwe wa mwisho kung'oka. Nililijua hilo. Mwalimu wangu wa ufundi alinigonga vidole kwa rula kwa ajili ya hilo. Kujua hakukunisaidia kitu siku ile, maana nilikuwa nashindana na Okoth, sikuwa nafunga stima.

Saa kumi jioni vijana wakarudi na ng'ombe. Unajua tero buru ilivyo: mwenye boma akifa, ng'ombe wake wanakimbizwa kwa kelele na matawi mpaka mbali kukifukuza kifo, kisha wanarudishwa nyumbani mbio. Mila yenyewe sina ugomvi nayo. Ng'ombe walifanya kazi yao na vijana walifanya yao. Mimi ndiye sikufanya yangu. Mtoto yeyote wa Kijaluo anajua kwamba siku hiyo ng'ombe wataingia bomani wakikimbia, na mimi, niliyezaliwa humu humu, nililaza waya chini katikati ya njia yao kana kwamba nimetoka ng'ambo.

Fahali mweusi wa marehemu alinasa mguu kwenye waya. Alivuta mara moja tu. Tepu yangu nadhifu ikateleza kama soksi. Waya wa ardhi ukang'oka kwanza kwa sababu ndio uliokuwa mfupi, halafu ule wa kahawia, wenye moto, ukatoka kwenye skurubu yake ukalala juu ya chuma cha boksi. Boksi limefungwa kwenye nguzo. Nguzo ni ya chuma. Na kwa kuwa wa ardhi ulikuwa nje, hakuna swichi iliyoanguka kule ndani, stima ikabaki imekaa kwenye nguzo ikingoja mtu. Mama mjane alikuwa ameiegemea. Nilimwona akirushwa akaanguka juu ya kiti, akapiga yowe. Kisha fahali akageuka kwa hofu, akaigonga nguzo kwa pembe, akapiga magoti, akalala. Hakuinuka tena.

Nilikimbia ndani nikachomoa plagi. Nilipotoka, watu wote walikuwa wamemzunguka fahali, hakuna aliyelitazama boksi. Nikalifungua kwa bisibisi, nikazirudisha nyaya, nikazungusha tepu tena. Ndipo nikasikia sauti yako nyuma yangu. Ulikuwa umeshika chupa ya soda. Ukasema kwa sauti safi ya mtoto, "Mama, huo waya ulikuwa umetoka."

Nilikugeukia nikakufinya mkono mpaka soda ikamwagika kwenye gauni. Nikakwambia, "Nyamaza! Hukuona kitu. Mtoto haoni mambo ya matanga." Ukaniambia tena, "Lakini Mama, niliona," nami nikakupiga kofi la mdomo. Hukulia. Ulinitazama tu, halafu ukatazama chini kwenye viatu vyako. Nimepiga watoto wangu kama mama yeyote, na nimesahau makofi mengi, lakini hilo halijawahi kunitoka mkononi.

Sasa sikiliza nilichomfanyia yule mjane. Kwao ni Rangwe, ndiyo maana wote walimwita Nyar Rangwe. Fahali wa marehemu kufa katikati ya boma, siku ya kukifukuza kifo, mwili haujazikwa: unafikiri wazee walisema nini? Walisema marehemu amekataa. Wakaanza kutafuta amekataa nini, na hawakutafuta mbali. Mtu akakumbuka kwamba mjane, alipotoka kuuchukua mwili Homa Bay, aliingia nyumbani kwa dadake akaoga. Mjane haingii nyumba za watu kabla mume hajazikwa. Basi. Jambo likawa limekwisha kabla hawajaketi. Alijitetea. Alisimama na leso yake begani akasema mbele ya watu wote, "Nguzo imenirusha. Mimi mwenyewe imenirusha. Ni stima."

Jaduong' Okoth akanigeukia. Yule yule wa sufuria. Akaniita kwa jina la mtoto wangu, kwa heshima ambayo hakuwa amenipa asubuhi, "Min Akinyi, wewe ndiye fundi hapa. Huyu anasema ni stima. Ni kweli?"

Boma zima likanitazama. Hapo nilikuwa na neno moja la kusema. Nikaona kwamba nikilisema, kuanzia Rangwe mpaka Rongo hakuna atakayeniita tena, na mwanamke mwingine yeyote atakayeshika bisibisi ataambiwa habari zangu. Nikajidanganya kwamba ninawalinda wanawake wote. Nikasema, "Hapana, mzee. Stima ilikuwa imepotea." Na wakaamini papo hapo! Nchi hii ukisema stima imepotea hakuna anayeuliza swali la pili. Spika si zilikuwa zimenyamaza? Mahakama gani ingetaka ushahidi zaidi ya huo?

Nyar Rangwe alinitazama. Hakunitukana. Okoth akamwambia, "Umesikia. Hata fundi amekukataa."

Nilitaka kuwaokoa wanawake kwa kumtupa mwanamke. Nikikumbuka hilo nataka kujitemea mate. Walimzika mwalimu, na kabla mvua za mwaka ule hazijaisha mjane alikuwa ametoka kwenye boma lile na masanduku mawili. Hakuna aliyemfukuza kwa fimbo. Walimnyamazia tu, hawakula chakula chake, hawakuwaruhusu watoto wao kuchota maji naye. Na mimi? Mimi nilipata kazi. Okoth alinisifu kila mahali: mama mtulivu, mama anayejua stima yake. Nilifunga stima makanisani na kwenye zahanati, nilikulipia karo kwa jina nililolipata siku ile. Ulipokuwa unanisifu kwa wenzako kwamba mama yako ndiye fundi wa kwanza mwanamke sehemu hizi, nilikuwa nageuza uso.

Tangu siku hiyo sijawahi kufunga waya bila kibano, hata wa redio, hata wa taa ya kuku. Mafundi wenzangu wananicheka. "Min Akinyi na urembo wake," wanasema. Pale kwa muuza vifaa vya stima, mkabala na soko la Rongo, kulikuwa na kopo chini ya kaunta. Lilikuwa limejaa vibano. Mafundi wananunua plagi, wanaifungua pale pale dukani, wanakitoa kibano wanakiacha juu ya kaunta kama ganda la njugu, eti kinawachelewesha. Kuna plagi nyingine siku hizi zinakuja bila kibano kabisa, na yeye anaziuza. Nilipomlalamikia aliniambia, "Mama, wateja wanataka ya bei hiyo." Nilimwambia mteja hajui ndani kuna nini, ndiyo maana kuna fundi! Alinipa lile kopo zima ili ninyamaze. Liko ndani ya begi lako, nimeliweka chini ya shuka. Ni kopo la maziwa ya unga, lisikushangaze.

Huko unakokwenda watakucheka pia. Watakuambia maneno ya sufuria, labda kwa Kiingereza, labda kwa Sheng, lakini ni sufuria ile ile. Sitakuambia usijali, maana utajali. Mimi nilijali mpaka nikaua fahali. Ninachojua ni kwamba siku yangu mbaya kuliko zote kazini sikuwa mjinga, nilikuwa na aibu. Ujinga mtu anauliza, anaelezwa. Aibu inafunga tepu. Kwa hiyo wakikucheka na mikono ikaanza kwenda mbio, weka bisibisi chini, nenda ukanywe maji, hata kama msimamizi anakuita mvivu. Kisha rudi uvute waya kwa mkono wako mwenyewe, uvute kama fahali. Waya ukikaa, umekaa.

Lakini kazi ya stima wangekufundisha wengine. Mimi nilikufundisha jambo lingine, na hilo ndilo lililonifanya nipige kelele jana. Uliona waya umetoka. Ulikuwa mtoto wa darasa la nne na uliona kile ambacho wazee kumi na mchungaji hawakukiona. Nami, mama yako, fundi, nikakufundisha kwa kofi kwamba kilicho ndani ya boksi ni cha kufungwa, na anayekiona anyamaze. Halafu jana ukaniuliza, "Nani ataifungua aone?" Ungejifunza wapi kwingine? Somo lilikuwa langu, nawe umelishika vizuri. Nilikufokea kwa kosa nililokupa mwenyewe.

Sikulala. Leo asubuhi, wewe ukiwa bado kitandani, nilikwenda Rodi Kopany. Miaka yote hii nimekuwa nikipita pale nikitazama upande mwingine. Nyar Rangwe anauza njugu na maharagwe, ana chumba kidogo nyuma ya kibanda. Amezeeka, Akinyi, lakini alinijua kabla sijasalimia. Akanikaribisha jikoni, akanipa kigoda, akaendelea kumenya njugu. Nikamwambia yote, la kibano, la tepu, la "stima imepotea." Nililia. Nilidhani na yeye atalia, halafu tutashikana mikono na mimi nitarudi nyumbani nikiwa mwepesi. Wuololo, mjinga mimi.

Alimaliza sinia lake ndipo akasema, "Min Akinyi, hii yote ulikuja kuniambia, mimi nilijua tangu ile siku. Si ni mimi nilirushwa?" Akapuliza maganda. "Uliniangusha mbele ya watu, sasa unakuja kuniinua jikoni?"

Akaniambia kwamba kesho wanamfanyia mwalimu ibada ya kumbukumbu kwenye boma lile lile. Hema litakuwa pale pale. Jaduong' Okoth yupo hai, hasikii vizuri, lakini yupo. Watoto wa boma watakuja kutoka Nairobi na kwingineko. Yeye, mke aliyeishi na mwalimu miaka yote ile, hakualikwa. "Wanaogopa nitaleta kifo," akasema, na akacheka kicheko kifupi kilichonichoma. Nikamuuliza anataka nifanye nini. Akasema, "Mimi sitaki kitu. Wewe ndiye fundi. Walikuuliza swali. Hujajibu."

Ibada inaanza saa tatu. Gari lako linaondoka saa mbili na nusu. Nimepiga hesabu kila njia, na siwezi kuwa steji ya Rongo na kwenye boma lile kwa wakati mmoja. Shangazi yako ndiye atakayekusindikiza. Najua jinsi ulivyotaka niwe pale, na mimi nilitaka kukaa pale nikikupungia mpaka gari lipotee. Nisamehe. Nikikaa steji kesho, nitakuwa nimechagua tena jina langu machoni pako, na nimeshalichagua mara ya kutosha. Nitampitia Nyar Rangwe, na akikubali tutaingia getini pamoja. Asipokubali nitaingia peke yangu.

Naogopa, nyathina. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa stima. Huenda wakanifukuza, huenda wakadai fahali, huenda kuanzia wiki ijayo hakuna mtu wa upande ule atakayeniita hata kubadilisha balbu. Na wapo watakaosema tuliwaambia, mwanamke na stima wapi na wapi. Waseme. Nitawaambia wanaume wanaoacha vibano dukani kila siku wamejaza kopo zima, na kopo hilo limekwenda Nakuru na binti yangu.

Okoth ataniuliza kwa nini aniamini leo wakati siku ile nilisema vingine. Atataka shahidi. Nitamwambia shahidi alikuwepo, alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu vya kubana, alisema kweli papo hapo mbele yangu, nami nikampiga mdomoni. Nitalitaja jina lako mbele ya watu wote.

Uliona vizuri, Akinyi. Waya ulikuwa umetoka.

Mama yako